Walioshika Kikombe

Madam wetu wa kemia alikuwa na tabia ya kutoa habari mbaya huku anafuta ubao. Hakugeuka hata kidogo. Alisema Alhamisi tutafanya praktiko ya enthalpi, yaani kupima joto linaloingia au kutoka, na yeyote atakayepata chini ya nusu hatakuwa tena mwanafunzi wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Atahamia jengo la pili, kwa watu wa HKL, akasome historia, Kiswahili na vitu vingine visivyomwagika. Akajipangusa chaki vidoleni, akachukua mkoba wake, akatoka.

Nilikuwa kidato cha tano kwenye shule ya bweni pale Karatu. Sidharau historia. Ila kwa historia huwi daktari wa mifugo, hata ulie machozi ya damu. Na mimi nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Ngorongoro, upande wa nyuma wa kreta, kwa ajili ya jambo hilo moja tu.

Nikiwa bado shule ya msingi, ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, iliingia bomani kwetu. Kila asubuhi tulikuta ndama mwingine amelala pembeni, hataki kunyonya, tezi zimevimba chini ya masikio, anahema utadhani amefukuzwa na fisi. Mtaalamu wa mifugo alikuwa mmoja kwa eneo lote lile, na alipofika alikuta ngozi zimeshaanikwa. Alikuwa mtu mwema, alituomba radhi, akanywa maziwa, akaondoka. Mimi nilikasirika kwa namna ambayo sijapoa mpaka leo. Niliposema nyumbani kwamba nitasomea kazi hiyo, wazee wenzake na baba walicheka. Baba akawaambia ng'ombe mgonjwa haangalii daktari amevaa sketi au suruali. Baba si mtu wa maneno, na hayo machache yalinitosha.

Kwa hiyo jengo la pili, kwangu mimi, lilikuwa kaburi. Na enthalpi yenyewe, nisidanganye mtu, sikuielewa.

Kilichonishinda kwanza ni alama. Madam alisema kitu kikitoa joto tunaandika hasi, kikivuta joto tunaandika chanya. Nikanyoosha mkono. "Madam, nikiwasha moto jikoni mimi napata joto. Nimeongezewa. Hiyo hasi inatoka wapi?"

Alikuwa mama wa Kichaga, mfupi, mwenye miwani aliyoishusha hadi puani kila alipotaka kukumaliza. Akaishusha. "Unauliza kwa upande wako wewe unayeota moto," akasema. "Uliza kwa upande wa kuni."

Darasa likaangua kicheko. Nikakaa, masikio yanawaka, na sikuelewa kuni zinahusika vipi.

La pili lilikuwa baya zaidi: joto la kuundika. Tuliambiwa elementi zikiwa zimetulia peke yake, kila moja kwa hali yake ya kawaida, tunazihesabu kuwa sifuri. Zikiungana kuunda moli moja ya kitu fulani, joto litakaloingia au kutoka ndilo joto la kuundika la kitu hicho. Sawa. Lakini nani atakaa mezani achanganye naitrojeni, haidrojeni na klorini, halafu itoke chumvi nyeupe ya amoniamu kloraidi huku yeye anasoma themometa? Hakuna. Inabidi uzunguke. Unapewa joto la kuundika la chumvi hiyo ikiwa imeshayeyuka ndani ya maji. Unapima mwenyewe joto la kuyeyuka. Unatoa hili kwenye lile, unapata la chumvi kavu. Nilikuwa naona huo ni uganga wa kienyeji.

Aliyenisaidia ni jirani yangu wa meza. Huyu alikuwa binti wa Kiiraqw, wazazi wake wanalima ngano na maharage hapohapo nje ya mji, na hesabu kwake zilikuwa kama kumenya viazi. Tulikuwa watani. Mimi nilimwita Mmbulu, kama watu wengi wanavyowaita Wairaqw, yeye aliniita Mmasai, na siku tukiitana majina yetu ujue tumegombana. Jioni, wakati wa kujisomea, alinivutia kitabu chake.

"Haya, niambie. Toka Mto wa Mbu mpaka hapa Karatu, umepanda kiasi gani?"

"Sijui. Ni mlima tu."

"Ukija na basi, si umepanda mlima huo? Na ukija kwa miguu, unapita porini unakokota mbuzi, unalala njiani?"

"Mlima ni uleule."

"Basi! Enthalpi haikuulizi umepita wapi. Inakuuliza umetokea wapi na umefika wapi." Akanitazama, akaona uso umefunguka. "Wamasai bwana! Mpaka mtu awatajie mbuzi ndiyo akili inawaka."

Nikamtupia kalamu. Lakini kuanzia hapo mzunguko nikaujua. Alama tu ndiyo ilibaki inanitesa. Nilikuwa naikariri, na mara nyingine naikariri kinyume.

Usiku wa kuamkia praktiko, tukiwa tunaelekea bwenini, akaninong'oneza jambo jingine. Jibu la mwisho limo kwenye jedwali nyuma ya kitabu, kila mtu amelikariri. Ukikwama, anzia kwenye jibu urudi nyuma mpaka kwenye themometa, uandike joto ambalo ungepaswa kulipata. "Darasa zima linafanya hivyo," akasema. "Usijifanye mlokole."

Alhamisi ilikuja na ukungu. Asiyeijua Karatu ya mwezi wa sita anadhani Tanzania yote ni jua. Kutoka bwenini huoni maabara, unafuata kikohozi cha wenzako. Barabarani tulisikia magari ya watalii yanapanda kwenda kretani na hatukuona hata taa. Kioo kimoja cha dirisha la maabara kilikuwa kimevunjika toka siku nyingi, na baridi iliingia pale ikakaa na sisi kama mwanafunzi mgeni.

Kila mmoja alikuta mezani kikombe chepesi cha plastiki, maji yaliyopimwa, themometa, na kipakiti cha karatasi chenye chumvi. Madam akasimama mbele, kajitanda kitenge juu ya koti.

"Kipakiti ni kimoja kwa kila mtu," alisema. "Ukimwaga, umemwaga. Sina cha kukuongezea, na huruma pia sina. Anzeni."

Nilipima joto la maji, nikaandika. Nikafungua kipakiti, nikamimina, nikaanza kukoroga taratibu kwa themometa. Uzi wa zebaki ukashuka. Moyo wangu nao ukatulia kidogo, maana nilijua chumvi hii inapoza maji. Uzi ukashuka tena. Halafu ukasimama, kabla ya mahali ambapo tuliambiwa ungefika. Nikakoroga zaidi. Nikainama nikatazama ndani: chumvi bado ilikuwa inaonekana chini, haijaisha. Nikarudi kwenye uzi. Ulikuwa unapanda.

Mungu wangu. Kwa nini unapanda? Nikafikiri nimepewa themometa mbovu. Nikafikiri nimepewa chumvi ya mezani. Nikafikiri nina mkosi, na jengo la pili lilikuwa pale nje ya dirisha linanisubiri, nikaona paa lake linaanza kutokeza kwenye ukungu.

Ndipo niliposikia vidole vinauma. Niliangalia. Mkono wa kulia ulikuwa na themometa. Wa kushoto, kiganja kizima, ulikuwa umekikumbatia kikombe, na kila nilipoacha kukoroga, wa kulia nao ulishuka kumsaidia mwenzake. Sikuwa nimeamua. Huku kwetu juu, mtu akipewa kikombe, kiwe cha chai, cha uji, cha maziwa, anakishika kwa mikono miwili na kukileta karibu na kifua. Mtoto anaanza hivyo kabla hajaota meno. Nilikuwa nimekiota kikombe cha kemia kama moto. Tena kikombe cha baridi!

Vidole viliuma kwa sababu joto lilikuwa linanitoka. Nilibaki nimekodoa macho. Chumvi inavuta kwenye maji, maji yanavuta kwenye kiganja changu. Mimi napungukiwa, chumvi inaongezewa. Inaongezewa! Ndiyo maana chanya. Na kuni zinatoa, zinapungukiwa, ndiyo maana hasi, hata kama mimi pembeni nafurahia. Wiki nzima nilikuwa nakariri kitu ambacho mkono wangu ulikielewa ndani ya dakika chache, na nilikuwa nimefurahi kweli, nusura nicheke kwa sauti mle ndani.

Kisha nikakumbuka kwamba mkono huohuo umeharibu kipimo, na kipakiti kilikuwa kimoja.

Nilikiachia kikombe kama kimeniunguza. Uzi ulikuwa umeshapanda, na chumvi ikiisha kuyeyuka huwezi kuiambia irudi. Jirani yangu aliona. Hakunitazama, lakini karatasi yake ilianza kusogea kidogokidogo kuelekea kwangu, mpaka nikaona namba yake, nzuri, imepigiwa mstari chini. Ningenakili tu. Au ningefanya ule mzunguko wa kurudi nyuma, dakika zilikuwepo. Na sitaki mtu anifikirie malaika: nimeshanakili mambo mengi maishani. Lakini siku ile nilikuwa na hasira na ile chumvi, na nilikuwa nimeelewa kitu kwa mara ya kwanza, na nilitaka kukiandika kabla hakijanitoka. Nikaandika joto nililoliona. Nikafanya hesabu nalo, ikatoka jibu la ajabu, mbali na la kitabu. Chini yake nikaandika kwamba kipimo changu kina kosa, kwa kuwa nilishika kikombe kwa mikono, joto la mikono liliingia, na thamani ya kweli ya joto la kuyeyuka lazima iwe kubwa kuliko hii.

"Una wazimu," jirani yangu aliniambia tulipotoka. "Unajishtaki mwenyewe? Nani alikuuliza?"

"Niache."

"Nakuacha wapi? Unaenda HKL, Mmasai. Utaniacha mimi hapa na hawa."

Alitaka kulia.

Jumatatu Madam alikuja na karatasi zetu. Pale shuleni kila mwanafunzi alikuja na kiti na meza yake toka kwao, kwa hiyo anayehama darasa anahama navyo. Alisema atasoma majina ya wanaoondoka, na kila anayesikia lake abebe vitu vyake bila kelele. Akasoma la kwanza. Kijana wa nyuma akasimama, akainua kiti, miguu ya kiti ikagonga mlango. Akasoma la pili. Dada mmoja akaanza kulia kabla hajafika mlangoni. Akasoma la tatu, na lilikuwa langu.

Sikusimama.

"Hujasikia?"

"Nimesikia, Madam."

"Basi unasubiri nini, gari la watalii?"

Hakuna aliyecheka. Nikasema, "Madam, naomba usome nilichoandika chini kabisa. Usome kwa sauti. Halafu nitaondoka."

Hapo nilijua nimevuka mpaka. Mwanafunzi hamwamrishi mwalimu. Aliishusha miwani, akanitazama, akaitafuta karatasi yangu, akaisoma. Alisoma maneno yote, mpaka mikono, mpaka lile joto lililoingia. Alikwenda mpaka kwenye dirisha, akarudi.

"Siku ile ilikuwa baridi sana," alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe. "Na nyie wote mliobaki mmenipa jibu la kitabu. Wote. Nikajisifu nyumbani kwamba nimefundisha." Akaiweka karatasi mezani. "Nani mwingine alishika kikombe?"

Nilisikia kuku wa jikoni. Niliangalia meza yangu, maana niliogopa kumwangalia mtu. Mtu akisema ndiyo, anatupa alama zake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kunifanyia hivyo.

Kiti cha pembeni yangu kikatoa mlio. Jirani yangu alikuwa amenyoosha mkono. Yeye aliyekuwa na alama za juu kuliko wote, ambaye jina lake lisingesomwa hata Madam angesoma mpaka jioni. Mkono wenyewe ulikuwa umenyooka vizuri, kama anayejua jibu.

"Mimi nilishika, Madam. Nikaandika ya kwenye jedwali."

Ukafuata mkono wa mbele. Ukafuata wa nyuma yake. Halafu ikapanda mingi kwa pamoja, ya vijana wa Karatu, ya waliotoka Loliondo, hata ya mmoja wa Arusha mjini aliyejifanyaga hasikii baridi. Nilitaka kulia na kucheka, na nilimkanyaga jirani yangu mguu chini ya meza, naye akanikanyaga.

Madam hakucheka. "Wale wawili waitwe, warudi. Matokeo yote nimefuta. Kesho asubuhi mnarudia. Nilichoweka akiba ya mtihani wa muhula ni kipakiti kimoja kimoja, na ndiyo mwisho." Akanigeukia. "Na wewe unarudia. Umesema kweli, lakini kweli yako haijanipa kipimo."

Asubuhi ya Jumanne ukungu ulikuwepo uleule. Amri ilikuwa moja: mkono mmoja unakoroga, mwingine unakaa nyuma ya mgongo. Akimwona mtu amegusa kikombe, ametoka. Tulisimama tumefunga mkono mmoja nyuma kama mahabusu. Mimi nilikuwa nimekizungushia kikombe skafu yangu ya sufu mpaka kikasimama imara, na Madam alipopita akatikisa kichwa kukubali. Jirani yangu hakuwa na skafu. Alikuwa amenipa tabasamu kabla ya kuanza, akafungua kipakiti chake.

Uzi wangu ulishuka. Ulishuka ukapita pale uliposimama mara ya kwanza, ukaendelea, na kila uliposhuka nilikuwa nasali kwa lugha mbili. Ukasimama. Nikasubiri. Haukupanda. Nikaandika, nikaweka alama ya kujumlisha bila kuikariri.

Ndipo niliposikia kikombe kimeanguka. Kikombe chepesi kile, ukikikoroga kwa mkono mmoja na hakuna kinachokishika, kinatembea chenyewe mpaka ukingoni. Maji yalimiminika mezani, yakateremka hadi kwenye sketi yake. Alikuwa bado amefunga mkono wa kushoto nyuma. Hakuutoa hata pale. Aliitii amri mpaka mwisho.

Niliinua uso kumtazama Madam. Darasa zima lilimtazama. Alisimama akiangalia maji yale yanadondoka sakafuni, na nikaona kidevu chake kimekaza.

"Endeleeni," alisema.

Jirani yangu alikaa. Ile namba aliijua kichwani, angeweza kuiandika amefumba macho. Kalamu ilikuwa mezani mbele yake. Nilikuwa namsihi moyoni, andika, Mmbulu, andika ile ya kitabu, hakuna atakayekulaumu. Hakuandika. Alipanga mikono yake miwili juu ya karatasi iliyolowa, akasubiri kengele.

Mchana ule nilikwenda ofisini peke yangu, nikapiga magoti, nikamwomba Madam. Niliongea mpaka nikakosa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wangapi kabla yetu walimwaga naye akawaondoa, na huyu awe na nini kuwashinda? Sauti yake haikuwa kali. Akaniambia nimepata, nimepata vizuri, niende nikasome.

Kesho yake asubuhi, mstarini, jina lake ndilo lililosomwa, peke yake. Alibeba meza, mimi nikabeba kiti. Tulivuka uwanja wenye umande, tukasimama mara moja abadilishe mkono. Mlangoni kwa HKL aliweka meza, akanipokea kiti, akanirekebishia kola ya sweta kama mama.

"Nenda," alisema. "Madam ameshaingia."

Nilirudi nakimbia. Madam alikuwa ameshaandika kichwa cha mada mpya ubaoni, na pembeni yangu kulikuwa na nafasi ya meza moja, na sakafu yake ilikuwa safi kuliko kwingine.